Uzi maalumu: Kulea okidi na mimea mingine ya ndani kwa tulio Kigoma na Tabora

Mleta uzi (Kigoma Mjini)

Ndugu zangu wa Kigoma, wa Tabora na wote mnaopenda mimea ya ndani, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi mno. Mtu ananunua okidi Dar es Salaam ikiwa imechanua, anaisafirisha hadi Kigoma kwa uangalifu mkubwa, maua yanakaa miezi miwili au mitatu, kisha yanapopukutika mmea unaanza kunyong'onyea, majani yanalegea na kukunjamana, na hatimaye unatupwa kwa maelezo kwamba okidi haistahimili mazingira ya huku. Maelezo hayo siyakubali. Joto la Kigoma linaifaa okidi karibu mwaka mzima, na misitu yetu ya miombo ina okidi zake za asili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzimwagilia. Kinachotuponza ni kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, ambako maji, jua na hewa ni tofauti kabisa na vya kwetu. Nitakaa zaidi kwenye maji, kwa kuwa kwa hapa Kigoma ndiyo yanayoua mimea mingi bila mwenyewe kujua.

Nikisema okidi hapa nina maana hasa ya Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na shina refu la maua meupe au ya zambarau, kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi madukani. Asili yake ni misitu ya Asia, ikiwemo ya Ufilipino na Indonesia, na huko haioti ardhini bali hushika kwenye magome ya miti huku mizizi yake ikining'inia hewani. Mvua ikinyesha mizizi inaloa, mvua ikikatika inakauka. Chukueni mmea wenu muutazame mzizi kwa karibu: umefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, jeupe na laini kama sifongo. Tabaka hilo likiwa kavu lina rangi ya fedha iliyofifia; mkilidondoshea maji linabadilika na kuwa la kijani mbele ya macho yenu. Rangi hiyo ndiyo inayopaswa kuwaelekeza wakati wa kumwagilia. Mizizi ikiwa bado ya kijani ndani ya chungu, acheni. Ikigeuka yote kuwa ya fedha, mwagilieni. Hakuna ratiba ya siku itakayowafaa kuliko hilo, kwa sababu chungu kinachokauka kwa siku tatu mwezi wa Agosti kinaweza kuchukua siku nane mwezi wa Machi.

Kwa hiyo msipande okidi ya aina hii kwenye udongo, hata uwe mzuri namna gani. Udongo unaziba hewa na mizizi inaoza. Hapa Kigoma vitu vya kupandia vinapatikana kwa urahisi: vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa kidole gumba, vilivyooshwa hadi vumbi lote likaisha, vipande vya matofali ya kuchoma au vigae vya vyungu vilivyovunjika, na magome makavu ya miti. Makumbi ya nazi yanafaa pia kwa wanaoyapata, ila yalowekwe na kubadilishiwa maji mara kadhaa kabla ya kutumika. Nimejaribu pia maganda magumu ya kokwa za michikichi, ambayo kwetu hayana uhaba, na yanapitisha hewa vizuri, lakini yasafishwe kwa maji moto na sabuni kwanza kwa sababu mafuta yanayobaki huvuta sisimizi. Chungu kiwe na matundu mengi chini, na kama mna desturi ya kukitumbukiza ndani ya chombo kingine cha mapambo kisicho na tundu, hakikisheni hakuna maji yanayobaki humo.

Sasa maji yenyewe. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka Ziwa Tanganyika. Tunayanywa, tunayapikia, na hatusikii ladha ya chumvi, kwa hiyo tunadhani ni sawa na maji ya mvua. Sivyo. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoondoka katika ziwa hili huondoka kwa kugeuka mvuke, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo. Mvuke hauondoki na madini. Madini yanabaki na kulimbikizana, hasa magnesiamu, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya maji ya juu ya ziwa inakaribia 9, wakati mizizi ya okidi inapenda maji yenye asidi kidogo, kati ya 5.5 na 6.5. Mchicha ulio bustanini hauoni shida kubwa, kwa sababu udongo unapunguza makali hayo. Chungu cha mkaa na magome hakina kitu cha kuyapunguza. Kila mnapomwagilia, maji yanakauka na chumvi inabaki.

Dalili zake zinaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama. Ukingo wa chungu unaota ukoko mweupe. Ncha za mizizi, ambazo zikiwa na afya huwa za kijani kibichi au nyekundu kidogo, zinageuka nyeusi na kusinyaa. Majani machanga yanatoka ya njano huku mishipa yake ikiwa ya kijani, kwa sababu kwenye maji yenye alkali nyingi mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Mwenye mmea akiona majani yamelegea anadhani umekosa maji, anaongeza maji yale yale, na hali inazidi kuwa mbaya.

Dawa yake ni mvua, na Mungu ametujalia mvua. Kwetu inaanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20, ambayo kwa Kigoma ni mvua ya kawaida ya alasiri moja, linatoa takribani lita 800, toeni kiasi kinachopotea njiani. Sasa fanyeni hesabu ya matumizi: okidi 10, kila moja ikipewa lita moja kwa wiki, kwa wiki 20 za kiangazi, zinahitaji lita 200. Hilo ni pipa moja tu. Maji ya mvua za kwanza yaacheni yapite, kwa sababu yanaosha vumbi la miezi yote ya kiangazi pamoja na majivu ya moto wa porini, kingeni yanayofuata. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo na mwanga usiingie ukaotesha ukijani.

Kuhusu jua, nitasema jambo moja ambalo sijaliona likielezwa kwa ajili yetu. Vitabu na video za Ulaya husema dirisha la kusini ndilo lenye jua kali na la kaskazini ndilo lenye kivuli. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana linapita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na Machi liko upande wa kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini, ambalo Mwingereza analiona salama, kwetu ndilo linalopigwa na jua mwezi wa Juni na Julai. Hata hivyo, nyumba nyingi za huku zina upenu mrefu na jua liko juu sana, hivyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Dirisha la mashariki linalopata jua hadi saa tatu asubuhi ni mahali pazuri mno kwa Phalaenopsis. Dirisha la magharibi linaunguza. Jani likiwa la kijani kizito kupita kiasi, mmea una giza na hautachanua. Likiwa na mabaka meupe au ya kahawia makavu, limeungua, na baka hilo halitapona tena.

Na kuhusu kuchanua mara ya pili, jambo ambalo wengi wamelikatia tamaa: Phalaenopsis inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 hivi ili isukume shina jipya la maua. Tunao usiku wa namna hiyo mwezi wa Juni na Julai, isipokuwa tunaufungia nje. Wekeni mmea karibu na dirisha linaloachwa wazi usiku katika miezi hiyo, mahali ambapo upepo mkali wa kiangazi haupigi moja kwa moja. Shina likishatokeza, hesabuni miezi miwili hadi mitatu kabla ya maua kufunguka, na chungu kisizungushwe zungushwe, kwa maana shina hufuata upande wa mwanga na matumba yatakaa ovyo.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji (Tabora Mjini)

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi nipo Tabora, na naona tofauti mbili na kwenu. Kwanza, kiangazi chetu ni kikavu sana, na mwezi wa Septemba na Oktoba nyumba ya bati inakuwa tanuri. Okidi yangu ina majani mawili tu yaliyobaki, yamekunjamana, ingawa nainyunyizia maji asubuhi na jioni. Pili, mzee mmoja anayetundika mizinga porini aliniambia kwamba kuna maua ya manjano yenye madoa ya kahawia yanayoota juu ya miti huko miomboni, na kwamba yana harufu nzuri. Je, hiyo nayo ni okidi, na inaweza kulelewa nyumbani?

Mleta uzi

Kaka, nianze na habari njema kwako. Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora, wenye mabomba hayo mna maji yanayofaa mimea hii kuliko sisi tunaoishi kando ya ziwa. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache mno ukilinganisha na ya Tanganyika, hivyo huna haja ya kuhangaika na mvua kiasi tunachohangaika sisi. Ila kama unatumia kisima, uangalie ule ukoko mweupe nilioutaja.

Tatizo lako ni hewa kavu, na kunyunyizia majani hakutalitatua. Matone yanakauka ndani ya dakika chache, na yale yanayotuama katikati ya majani, pale linapochipukia jani jipya, yanaozesha moyo wa mmea. Moyo ukioza, mara nyingi mmea umekwisha. Fanya hivi: weka chungu ndani ya beseni la maji hadi nusu yake kwa dakika kumi na tano asubuhi, kitoe, kiache kichuruzike kabisa, kisha kirudishe mahali pake. Chini yake weka sinia lenye kokoto na maji kidogo, kitako cha chungu kikikaa juu ya kokoto bila kugusa maji. Sogeza mimea yako yote ikae pamoja, kwa kuwa kila mmoja unatoa mvuke unaomsaidia jirani yake, na uiondoe kabisa chini ya bati lisilo na dari. Katika miezi hiyo miwili ya joto kali, chumba chenye sakafu ya saruji na ukuta wa tofali za kuchoma, upande wa mashariki, kitakuwa na nafuu kubwa.

Lakini maji ya sinia yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mikoa yetu yote miwili ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini, na kiluwiluwi wa mbu akiachwa kwenye maji yaliyotuama anaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Siwezi kumshauri mtu mwenye watoto wadogo alee maua kwa gharama hiyo.

Ua alilokueleza mzee wako, kwa sifa ulizozitaja, ni Ansellia africana. Ni okidi kubwa ya Afrika, yenye mashina marefu yaliyovimba kama miwa midogo, inayopatikana katika sehemu nyingi za bara hili kusini mwa Sahara. Ukiikuta juu ya mti itazame mizizi yake: mingine inashika gome, na mingine, myembamba na yenye ncha kali, inasimama kuelekea juu kuzunguka mmea mzima. Hiyo inayosimama inanasa majani makavu yanayopukutika kutoka juu, majani yanaoza pale pale, na mmea unapata chakula. Miombo ikipukutisha majani wakati wa kiangazi, okidi hii inakula mavuno hayo huku ikipumzika. Mmea ulioumbwa kuishi katika ukame wa Tabora hauhitaji kunyweshwa mwezi wa Julai. Ukiwa nao nyumbani, unapewa mwanga mwingi, maji mengi mvua zinapoanza na mashina mapya yanapokua, kisha maji kidogo sana mashina yakishakomaa.

Nasema "ukiwa nao nyumbani" kwa tahadhari, nami naomba nieleweke vizuri. Usimtume mzee akakubandulie porini. Ansellia imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kwa sababu hiyo hiyo ya kubanduliwa na kuuzwa, na kwa sababu miti inayoibeba inakatwa kwa mkaa na mashamba. Okidi zote za porini zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Ndani ya Gombe na Mahale haiguswi kabisa, na kwenye misitu ya hifadhi kuna utaratibu wa vibali kupitia Wakala wa Huduma za Misitu. Mmea mkubwa uliobanduliwa mtini, kwa kweli, mara nyingi haufiki mbali: mizizi yake inakatika, na kuotesha mingine kunachukua muda mrefu.

Mchangiaji (Kasulu)

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, nimelea maua kwenye makopo miaka mingi, nami nasoma kwa furaha. Hili la kubandua mimea porini limenigusa. Ninao ndugu upande wa Makete, na kule okidi za ardhini zilichimbwa viazi vyake vikasafirishwa Zambia kwa chakula hadi sehemu nyingine zikaisha. Swali langu ni la vitendo zaidi. Sina uwezo wa kununua hizo okidi za dukani. Je, kuna mimea mizuri ya ndani ambayo haina gharama, nayo isiwe na sumu kwa wajukuu wanaotambaa?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Umesema jambo la kweli kabisa. Viazi hivyo ndivyo vinavyotengeneza chakula kinachoitwa chikanda huko Zambia, na uchimbaji wake ulikuwa mojawapo ya sababu zilizowasukuma watu kudai ulinzi wa uwanda wa Kitulo, ambao mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja unaokufa. Mbegu za okidi nazo ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula ndani yake, hivyo porini haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa kuzilisha. Kurudisha kilichochimbwa si kazi ya msimu mmoja.

Kuhusu mimea isiyo na gharama, mama, utajiri uko mikononi mwetu. Mingi kati ya mimea inayouzwa kwa bei kubwa Ulaya ni ya Afrika, na mingine ni ya Tanzania hasa. Zamioculcas, ile yenye majani manene yanayong'aa ambayo sasa imejaa kwenye ofisi na hoteli, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Masale, ambayo Wachaga wanapandia mipaka na kuombea msamaha, ni ndugu wa mimea ya Dracaena inayopamba vyumba vya kule. Na kale kaua kadogo ka zambarau kenye majani yenye vinyweleo, Saintpaulia, kanatoka milima ya Usambara. Ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikapeleka kwao mnamo mwaka 1892, na leo kanalelewa madirishani karibu dunia nzima. Kasulu iko juu kuliko Kigoma na ina ubaridi zaidi, kwa hiyo Saintpaulia itakupenda. Chukua jani moja lenye kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyooza vizuri, na baada ya wiki kadhaa vitachipuka vimea vidogo kwenye kikonyo. Mwagilia kutoka chini, kwa kuweka kopo kwenye sahani ya maji, kwa sababu maji baridi yakigusa majani yanaacha mabaka.

Kwa ajili ya wajukuu, Saintpaulia haina sumu, na Phalaenopsis pia haina. Chlorophytum, ule mmea wenye majani membamba yenye mistari meupe unaoning'iniza watoto wake, nao ni salama na hukupa miche bila mwisho. Ninaomba uepuke Dieffenbachia, yenye majani makubwa yenye madoa meupe: utomvu wake una fuwele ndogo zinazochoma, na mtoto akitafuna jani mdomo na koo huvimba. Monstera, Zamioculcas na ile inayotambaa ambayo watu huiita "maniplanti" zina fuwele za namna hiyo, hivyo ziwekwe juu ya kabati, zisifikiwe.

Mchangiaji (Ujiji)

Mleta uzi, mimi nimekuwa nikichemsha maji ya bomba na kuyaacha yapoe ndipo namwagilia, na wakati mwingine nakamulia limau kwa kuwa niliambiwa linaleta asidi. Je, hilo si badala ya maji ya mvua? Pia mke wangu hataki mimea chumbani kwa madai kwamba usiku inamaliza hewa. Mwisho, ninayo mbolea ya mahindi iliyobaki; naweza kuitumia?

Mleta uzi

Kaka, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi magnesiamu wala sodiamu. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, madini hayo yanabaki kwenye maji machache zaidi. Kuyaacha yalale usiku kucha kunapunguza klorini, basi. Limau linashusha pH kweli, ila chumvi iliyomo inabaki ile ile. Kama umeishiwa maji ya mvua, mwagilia kwa maji ya bomba bila kuongeza kitu, yapite mengi hadi yatoke chini kwa nguvu, kisha angalau mara moja kwa mwezi uoshe chungu kizima kwa maji ya mvua uliyoyaweka akiba. Hiyo inatosha kuuvusha mmea hadi Novemba.

Mweleze shemeji kwa upole kwamba kiasi cha hewa ambacho mmea wa chunguni unatumia usiku ni kidogo mno, hata kikilinganishwa na kile anachotumia mtoto mmoja aliyelala. Isitoshe, Phalaenopsis ni miongoni mwa mimea inayofungua matundu ya majani yake usiku na kuvuta hewa ya ukaa wakati huo, ili isipoteze maji mchana. Lakini nisiegemee upande mmoja: ile habari inayosambazwa kwamba mimea ya ndani inasafisha hewa ya nyumba nayo imetiwa chumvi. Ilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba zingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida. Madirisha yetu yako wazi. Tuilee kwa uzuri wake.

Mbolea ya mahindi ya chenga usiitie kabisa kwenye chungu cha okidi, inaunguza mizizi. Tafuta ile ya kuyeyusha kwenye maji, yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) zilizolingana, na utumie robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili wakati mmea unatoa jani au mzizi mpya. Loanisha mizizi kwanza kwa maji matupu.

Mchangiaji (Tabora Mjini)

Nimerudi, ndugu yangu. Nilifuata maelekezo ya beseni na kokoto, na sasa kuna jani changa linatokeza. Nina mawili ya mwisho. Kuna vitu vyeupe kama pamba chini ya majani. Na mwenzangu ana okidi ambayo matumba yake yalianza kunyauka yote kwa pamoja kabla ya kufunguka, ingawa mizizi ni mizima. Aliiweka mezani sebuleni, karibu na bakuli la matunda.

Mleta uzi

Nimefurahi sana, kaka. Jani jipya likifika nusu ya urefu wa majani ya zamani, utaona na mizizi mipya inatoka juu ya ile ya kale, na hapo ndipo mmea utakuwa umevuka.

Hivyo vyeupe ni vidung'ata. Vinanyonya utomvu na kujificha pale jani linaposhikana na shina, kwa hiyo kufuta juu juu hakusaidii. Loweka pamba kwenye spiriti, ifungie kwenye ncha ya kijiti, na uviguse kimoja kimoja hadi vibadilike kuwa vya kahawia. Rudia baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki nyingine, kwa sababu mayai yake hayafi yote kwa mara moja. Mmea huo utengwe na mingine hadi uhakikishe. Angalia pia kama sisimizi wanaupanda, maana wao hufuata utamu unaotolewa na vidung'ata na huvilinda dhidi ya wadudu wanaovila.

Kuhusu mwenzako, aondoe bakuli la matunda. Ndizi na maembe yanapoiva yanatoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoharakisha ndizi mbichi kuiva zikifunikwa pamoja na mbivu, na matumba ya okidi yakiipata yananyauka na kuanguka. Moshi wa mkaa nao una gesi hiyo, kwa hiyo okidi yenye matumba isikae karibu na jiko wala kwenye ukumbi ambako jiko linawashwa. Shina lake asilikate lote kama bado ni la kijani. Alikate tu juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, na huenda kifundo kikatoa tawi jipya la maua. Likigeuka kahawia na kukauka, alikate lote karibu na majani, na asubiri ubaridi wa Juni. Kama chungu chake hakijabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili, huo ndio wakati wa kukibadilisha: atoe mmea, akate mizizi iliyo laini na tupu ndani, aache iliyo ngumu hata kama imekunjamana, aupande kwenye mkaa na magome mapya, na asiumwagilie kwa siku nne au tano ili majeraha yakauke kwanza.